Asifiwe Mkono wa Birika

Desemba ina wasifiwa wengi. Wenye maduka wa Masasi mjini wanamsifu mteja asiyeuliza bei. Vijana wa bodaboda wanamsifu abiria asiyesubiri chenji. Mafundi cherehani wa Newala wanamsifu mama anayeleta vitenge vya sare ya ukoo mzima na kutaka vishonwe kwa siku mbili. Watoto wanamsifu mjomba aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam na begi la magurudumu. Katika orodha yote hiyo simwoni bahili. Huyo hatajwi kanisani, hatajwi ngomani, na akitajwa kijiweni ni kwa kuchekwa. Basi acha nisimame mimi. Nimekuja kumsifu mkono wa birika wa sikukuu, yule anayeipitisha Krismasi kwa ugali wa muhogo na mbaazi, akazima taa ya sola saa mbili usiku, akaamka tarehe 26 na shilingi zile zile alizolala nazo.

Anayeona kazi hii ni ya aibu akumbuke kwamba wakubwa wametangulia. Erasmus wa Rotterdam alichapisha mwaka 1511 kitabu kizima cha kuusifu upumbavu, na usomi wake haukupungua. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliwaandikia mabahili kitabu chao, akawapa nafasi ya kujitetea kwa ufasaha ambao wakarimu wengi wangeutamani. Ikiwa upumbavu ulipata wakili, bahili wa Newala atakosaje?

Mtu hasifiwi mpaka ijulikane ametoka wapi, na nasaba ya huyu ni ya heshima. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akapanda hadi Newala, na katika kitabu chake akaandika simulizi ya asili ya Wamakonde. Kwa ufupi, mtu wa kwanza na mkewe walizaa karibu na mto, mtoto akazaliwa maiti. Wakapanda juu kidogo, wakazaa tena, yakawa yale yale. Walipofika juu kabisa, vichakani, mtoto wa tatu akazaliwa mzima. Ndipo wajukuu wakaachiwa agizo la kujenga mwinukoni, mbali na maji makubwa. Watu wengine duniani wameifuata mito wakajenga miji. Hawa waliukimbia mto kwa hiari yao, wakakubali kuteka maji bondeni na kuyapandisha mlimani kichwani.

Mahali ambapo ndoo moja ni safari ndefu ya kushuka na kupanda, ubahili ni malezi ya kwanza ya mtoto. Maji ya kuoshea mchele anapewa mbuzi. Maji ya kunawa yanamwagiwa mpapai. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, unasukuma maji kutoka bonde la Mitema hadi juu, lakini bomba la uwanda huu lina siku za kucheka na siku za kununa. Kwa hiyo nyumba nyingi za Newala zimejichimbia kisima cha mvua uani: shimo limesakafiwa kwa saruji, mfereji wa bati unalilisha, na juu yake kuna kifuniko, pengine na kufuli. Mvua zinaanza Novemba au Desemba, zinakwisha Aprili au Mei, na kilichoingia humo hutumiwa kwa hesabu katika miezi yote ya kiangazi. Mgeni akiomba maji ya kuoga anapewa ndoo ndogo, na mwenye nyumba haitwi bahili. Anaitwa mama mwenye akili.

Sasa tazama kalenda inavyotucheza. Majira yale yale mvua inapoingia kisimani, ndipo fedha inapoingia benki. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba. Tangu msimu wa 2007/08, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, zinapimwa, zinapelekwa ghala kuu. Chama kikuu, TANECU kwa watu wa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa watu wa Masasi na Mtwara, kinaziuza mnadani, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilifunguka kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa lugha ya nyumbani, zinanyesha mvua mbili kwa pamoja, moja ya maji na moja ya noti. Ile ya maji tumeichimbia kisima na kukitia kufuli. Ile ya noti tunaikinga kwa viganja, nayo inapenya katikati ya vidole kuelekea dukani. Bahili peke yake ndiye aliyechimba visima viwili.

Tumfuate siku yenyewe. Awe Mwanglikana wa Masasi au Mwislamu wa Newala anayesherehekea kwa ujirani tu, mwenendo wake ni mmoja. Shati lake lilikwisha kupelekwa kwa fundi likageuzwa kola, na upande uliofichika miaka yote sasa unatoka kuiona sikukuu ukiwa mpya. Miguuni ana katambuga za tairi, ambazo bado zina kilomita nyingi kuliko gari zilikotoka. Kama ni wa kanisani, sadaka anatoa, tena sarafu, kwa sababu noti huanguka kimya na jirani hawezi kushuhudia ukarimu asiousikia.

Chakula cha mchana ni ugali wa makopa aliyoyaanika mwenyewe mwezi wa nane, mbaazi alizovuna kiangazi, na kisamvu kutoka ukingo wa shamba. Kitindamlo kinaanguka chenyewe, maana Mwenyezi Mungu hakuiweka Krismasi ya kusini katikati ya msimu wa maembe kwa bahati mbaya. Nyama hakuna. Kuku wake wanazunguka uani siku hiyo kwa utulivu ambao huwezi kuuona katika ua mwingine wowote wa wilaya. Wanamjua.

Saa tano wanafika wapwa. Hapa inabidi msomaji wa mbali aelewe uzito wa jambo. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana sauti katika maisha ya mpwa ambayo baba mzazi huenda hana. Mpwa anapobisha hodi kwa mjomba siku ya Krismasi anakuja kudai haki, na bahili hakatai haki ya mtu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba wajomba zangu. Karibuni, karibuni sana."

"Mjomba, tumekuja kula sikukuu."

"Vizuri. Majembe yako nyuma ya nyumba. Tuanze upande ule wa mwembeni, mvua ya juzi isitupotee."

Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kupumzika kabla ya kumpa jembe siku ya tatu. Bahili anaona wahenga walikuwa na chakula cha kuchezea. Jioni wapwa wamepanda mistari ya mahindi na mbaazi kufika ukingo wa shamba, wamekula ugali mara mbili, wamefundishwa kazi, na Mwaka Mpya hawaonekani tena. Nionyesheni mjomba mwingine aliyefanya sherehe, malezi na kilimo kwa siku moja, bila kufungua soda hata moja.

Mpinzani wake ni mkarimu wa Desemba, mtu anayependwa na kila mtu hadi tarehe 5 Januari. Huyu akishalipwa anaanza na sabufa, maana furaha isiyosikika kijiji cha pili haijakamilika. Inafuata pikipiki. Yanafuata magodoro mawili, moja la kulalia na moja la kubaki na nailoni yake ili wageni waone kuwa ni jipya. Kama ana kijana anayetoka jando au binti anayetoka unyagoni, na likizo ya shule ya Desemba ni wakati unaopendwa kwa shughuli hizo, basi kuna spika za kukodi, sare za vitenge, makreti ya soda, mchele wa pilau, na noti za kumtunza mwali mbele ya watu. Sina ugomvi na jando wala unyago, ni shule kongwe kuliko zote tulizonazo. Nauliza tu kwa nini ada yake siku hizi inalipwa kwa kampuni ya muziki.

Vijiweni kusini husimuliwa hadithi za misimu ya bei nzuri: mkulima aliyemnywesha mbuzi wake soda, na mwingine aliyewaogesha kuku kwa bia. Mbuzi huyo sijamwona, na kila anayemsimulia amemsikia kwa mwingine. Bahili wangu anaamini kila neno. Amewalea wanawe wote kwa hadithi ya mbuzi yule, wakamwogopa kuliko chui.

Januari inafika, nayo haijawahi kuchelewa. Ada ya shule za serikali iliondolewa, elimu ya sekondari hadi kidato cha nne ikawa bila ada mwaka 2016, lakini anayeingia kidato cha kwanza bado anahitaji sare, viatu, begi na madaftari. Mahindi yaliyopandwa Desemba yako magotini. Ghala la mwaka jana linaonyesha sakafu. Miezi michache mbele kuna palizi, na baada yake salfa ya kuukinga mkorosho na ubwiriunga, ugonjwa uliokuwa miongoni mwa sababu za zao hili kuporomoka kutoka tani 145,000 mwaka 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Mkorosho hauli kumbukumbu za pilau. Mwezi wa pili lile sabufa linatolewa nje na kutafutiwa mnunuzi kwa nusu ya bei. Mnunuzi anapatikana. Tutamrudia.

Nijibu kwanza wanaomsema vibaya. Wa kwanza wanaleta methali: mali ya bahili huliwa na dudu. Waliotunga methali hiyo hawakuingia ghalani kwa mtu wetu. Mbaazi zake zimechanganywa na majivu, fukusi akiingia anatoka akipiga chafya. Muhogo wake mwingine bado uko ardhini, anachimba anaohitaji siku hiyo. Fedha yake iko benki, ambako dudu pekee ni makato, na hata hayo ameyapigia hesabu. Kwa kumbukumbu zangu, mali inayoliwa kwa uhakika mwezi Desemba ni ya mlevi, nayo huliwa na mgema.

Wa pili wamesoma vitabu. Wanamtaja Scrooge, mchoyo wa London ambaye Charles Dickens alimwandika mwaka 1843: usiku wa kuamkia Krismasi anatokewa na mizimu, anatishwa, asubuhi anatubu na kununua bata mzinga. Wanatumaini wa Newala naye atakuwa hivyo. Hatakuwa. Mzimu uliomwogofya Scrooge kuliko wote ni ule uliomwonyesha siku zijazo. Bahili wetu haonyeshwi siku zijazo na mtu, maana Februari ndiyo anayolala nayo kila usiku. Mzimu ukimjia na habari za njaa utaambiwa ukae, utapewa punje za mbaazi uchambue, na kabla ya jogoo kuwika utakuwa umemaliza debe.

Wa tatu wanasema anaiua sikukuu. Hawa wanatakiwa wakumbushwe Krismasi ilivyofika huku. Masasi ilianzishwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA mwishoni mwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipoongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Krismasi yao ya kwanza chini ya majabali yale iliwakuta wageni, wakiwa na wiki chache tu tangu wafike. Palikuwa na sala, palikuwa na nyimbo, palikuwa na watu ambao kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hawakuwa mali ya mtu. Ukiondoa makreti na spika, sikukuu ile haikupungukiwa kitu. Kwa hiyo bahili haiui Krismasi ya Masasi. Anashika ile ya zamani, bila kukusudia, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Na kama ushahidi wa 1876 uko mbali, upo wa 2018. Msimu huo wanunuzi walitoa bei ambazo wakulima walizikataa. Novemba, Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yalisubiri uhakiki, na kwa wengi Krismasi ilifika kabla ya fedha. Mwaka huo nusu ya uwanda ilijiunga na dini ya bahili bila kuhubiriwa: mashati ya zamani, ugali wa muhogo, maembe. Kwa aliyekuwa na mgonjwa au deni, ile ilikuwa shida ya kweli, na sitaipamba. Lakini tofauti ilionekana wazi. Waliokuwa na kisima cha noti cha msimu uliotangulia, msimu ule wa neema ya tani 300,000, walisubiri malipo wakiwa wamekaa. Wasiokuwa nacho walisubiri wakiwa wamesimama mlangoni kwa mtu.

Mlangoni kwa nani? Hapa ndipo shtaka la nne linapoingia, nalo halina kicheko.

Twende mwezi wa tatu, usiku, ili jirani asione. Mkarimu wa Desemba anabisha hodi kwa mkono wa birika. Mtoto amelazwa hospitali ya Mkomaindo, au unga umekwisha, au wa palizi wanadai. Anaomba laki moja. Bahili anasikiliza, anahema, anasema fedha imekuwa ngumu, kisha anakubali. Hataki riba, Mungu apishe mbali! Anataka korosho tu, msimu ukifika, magunia kadhaa kwa bei wanayokubaliana usiku ule, ambayo haitafanana hata kidogo na bei ya mnadani. Hiyo inaitwa kangomba. Serikali inaipiga marufuku kila mwaka, na uhakiki wa mwaka 2018 ulilenga pamoja na mengine kuwanasa watu wenye magunia mengi kuliko mikorosho yao. Oktoba mkulima anapeleka ghalani korosho alizozipalilia, alizozipulizia salfa, alizoziokota moja moja, na nusu yake tayari ni ya mtu mwingine. Desemba analipwa kidogo, anakitumia kwa hasira, mwezi wa tatu anarudi mlangoni. Na lile sabufa lililouzwa nusu bei liko ndani humo, limefunikwa kanga, halijawahi kuwashwa, maana umeme unakula.

Mtetezi mwingine angeliruka shtaka hili. Mimi nimelizunguka pande zote kutafuta upenyo wa kumtoa mteja wangu, nikaona hatoki. Pesa aliyoinyima tumbo lake ni halali yake. Pesa anayoikamua kwenye njaa ya jirani siyo. Ni kisima kilekile, lakini sasa maji yanauzwa usiku kwa waliolala na kiu.

Hata hivyo, angalia biashara hiyo inasimama kwa miguu gani. Kisima kimoja kilichojaa, katikati ya nyua kavu, ndicho kinachompa mtu nguvu ya kupanga bei ya ndoo. Kila ua ukiwa na kisima chake, ndoo haina mnunuzi. Kangomba haikuletwa na ubahili. Ililetwa na upungufu wa mabahili. Mmoja kijijini ni balaa, ishirini ni nafuu, kijiji kizima ni ukombozi.

Na vifaa tunavyo. Vikoba viko kila kata. Akina mama wanaweka hisa kila wiki mwaka mzima, kwa nidhamu ambayo benki ingeionea wivu, kisha vikundi vingi vinavunja na kugawana Desemba. Yaani akiba ya mwaka inafunguliwa katika mwezi ule ule ambao korosho zinalipa, fedha inaongezewa fedha, soda inaongezewa soda. Kinachotakiwa ni kusogeza tarehe. Kikoba kikivunjwa mwezi wa tatu, mtoto wa Mkomaindo anatibiwa kwa fedha ya mama yake, wa palizi wanalipwa mchana kweupe, na mtu hapiti usiku kwa mjomba yeyote. Pilau ya Krismasi ibaki, sufuria moja, kuku mmoja. Mwali atunzwe kwa kiasi. Tofauti yote itakuwa miezi mitatu ya kalenda.

Ndiyo maana nimemsifu kwa sauti, mbele ya watu wote. Mabahili hawaogopi kusemwa, wamezoea. Wanachoogopa ni kuigwa, kwa sababu mtu aliyemwiga hakopi kwake. Basi anayemchukia mkono wa birika wa mtaani kwake asipoteze pumzi kumsengenya Krismasi hii. Ageuze kola ya shati, apike mbaazi, awape wapwa majembe, na noti za mnada azifungie hadi mwezi wa tatu. Oktoba ijayo korosho zake zitapimwa kwenye mizani ya AMCOS kwa jina lake mwenyewe, gunia la kwanza hadi la mwisho, na bahili itabidi atafute kazi nyingine.